Sura ya Nne: Nauli ya Kwenda Kazini

Siku ya Mei Mosi 2025, mjini Singida, Rais Samia Suluhu Hassan aliwatangazia watumishi wa umma kwamba kima chao cha chini cha mshahara kitapanda kwa asilimia 35.1, kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000, kuanzia Julai mwaka huo. Oktoba ikafika zamu ya sekta binafsi. Huko kima cha chini, kwa wastani wa sekta zote, kingetoka shilingi 275,060 hadi 358,322 kuanzia Januari 2026, nyongeza ya asilimia 30.3. Vijiweni watu wakaziweka namba mbili mezani, 500,000 na 358,322, wakatoa hukumu: serikali inalipa, matajiri wananyonya. Wengine wakajibu kwamba hakuna wizara inayofikia mishahara ya benki na migodi. Pande zote mbili zina hoja, ila ubishi wao unaanzia siku ya mshahara na kuishia hapohapo. Hakuna aliyeuliza mtu huyu anafikaje kazini, analipiwa na nani, na mtoza kodi anaitazamaje hiyo pesa ya kumfikisha.

Tuanze na mishahara yenyewe, maana bila hiyo habari ya nauli haikai sawa. Kwa miaka mingi tafiti za Ofisi ya Taifa ya Takwimu kuhusu ajira na vipato katika sekta rasmi zimeonyesha wastani wa mshahara serikalini uko juu ya ule wa sekta binafsi. Lakini wastani huo umebeba watu wasiofanana. Sekta binafsi ina mhasibu wa benki, ina pia msichana anayepanga bidhaa dukani Kariakoo, jijini Dar es Salaam. Amri ya Mshahara iliyoanza kutumika Januari 2023 iliwapa watu wa taasisi za fedha kima cha chini cha shilingi 592,000 na watu wa biashara na viwanda shilingi 150,000. Hao wote ni sekta binafsi, na tofauti baina yao ni kubwa kuliko tofauti ya yeyote kati yao na serikali.

Mtindo huu hauko kwetu tu. Marekani, ambako wanazo takwimu za kutosha kupima jambo hili kwa kina, Ofisi ya Bajeti ya Bunge ililinganisha wafanyakazi wa serikali kuu na wenzao wa sekta binafsi wenye elimu na uzoefu unaofanana, kwa takwimu za 2022. Aliyeishia sekondari alikuwa anapata serikalini asilimia 40 zaidi, mshahara na marupurupu yakijumlishwa. Mwenye shahada ya uzamivu au ya taaluma kama udaktari na sheria alikuwa anapata asilimia 22 pungufu. Serikali huwainua wa chini na kuwabana wa juu. Kwa hiyo anayeuliza nani analipwa vizuri zaidi kati ya mtumishi wa umma na wa sekta binafsi, ajibiwe kwa swali: mtumishi yupi?

Sasa tuchukue watu wawili wanaofanana ili tusibishane hewani. Wote ni wahasibu, mmoja yuko halmashauri na mwingine yuko kampuni ya usambazaji wa vinywaji. Kila mmoja ana mshahara wa shilingi 900,000. Kabla hata ya nauli hawalingani. Tangu mifuko ya pensheni iunganishwe mwaka 2018, mchango wa PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma, na wa NSSF, mfuko wa sekta binafsi, ni asilimia 20 kwa wote, lakini mgawanyo si mmoja. Mtumishi wa umma anakatwa asilimia 5 na serikali inaongeza 15. Wa sekta binafsi, kwa kawaida, anakatwa 10 na mwajiri anaongeza 10. Mmoja anaondokewa na 45,000, mwingine 90,000. Kodi inamfidia wa pili kidogo, kwa sababu mchango hutolewa kabla ya kodi kupigwa, na katika daraja lake la kodi la asilimia 25 anaokoa 11,250. Pengo halisi linabaki shilingi 33,750 kila mwezi, kwa mshahara ambao kwenye mkataba unasomeka sawasawa.

Shilingi 33,750 ni nyingi au chache? Zipimeni kwa nauli. Desemba 2023 Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) ilipandisha nauli za daladala, na safari isiyozidi kilomita 10 ikatoka shilingi 500 hadi 600. Anayebadilisha gari mara moja, tuseme Buguruni au Mwenge, analipa mara nne kwa siku: mbili kwenda, mbili kurudi. Hiyo ni 2,400. Pengo la makato ya pensheni peke yake linatosha nauli ya siku 14 za kazi.

Mhasibu anaweza kulalamika na bado akala. Turudi kwa yule msichana wa dukani. Wiki yake ya kazi ni ya siku sita, kwa hiyo mwezi una siku 26, na 2,400 mara 26 ni shilingi 62,400. Kwa kima cha chini cha 150,000 kilichotumika kabla ya Januari 2026, asilimia 41.6 ya mshahara wake ilikuwa inaishia mkononi mwa konda. Bado hajala mchana, hajalipa chumba. Na hesabu hiyo ni ya mtu anayefanikiwa kupanda gari kama binadamu. Wanaokaa katikati ya njia wanajua kwamba asubuhi gari linapita limeshajaa, watu wananing'inia mlangoni, na konda hasimamishi. Ndiyo maana wanageuza nalo: unapanda gari linaloelekea mwisho wa njia, unalipa, unafika kituo cha mwisho ukiwa tayari umekaa kwenye siti, gari linageuza, unalipa tena. Ni nauli ya ziada ya kununua siti, na kwa anayefanya hivyo kila asubuhi ni shilingi 15,600 nyingine kwa mwezi. Sijawahi kuona bodi yoyote ya mishahara ikiiweka kwenye hesabu zake, ingawa kila mjumbe aliyewahi kupanda daladala Mbagala au Gongo la Mboto anaijua.

Usiku hali ni mbaya zaidi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema kazi ya usiku, yaani kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, ilipwe nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa saa. Ukigawanya ile 150,000 kwa kanuni ya sheria hiyo, saa moja ni shilingi 769. Asilimia 5 yake ni shilingi 38. Anayefunga duka saa tano usiku amefanya saa tatu za usiku, amejipatia shilingi 115 za ziada. Saa hiyo daladala zimepungua, njia ya kuingia mtaani ni giza, na dereva wa bodaboda anataka elfu kadhaa. Hoteli kubwa na viwanda kadhaa vimelielewa hilo, vina basi la wafanyakazi linalowashusha watu karibu na kwao. Huo ni utu wa mwajiri na busara ya biashara, maana asiyefika salama leo hafiki kabisa kesho. Ila sheria haimlazimishi. Inamtaka mwajiri amsafirishe mfanyakazi hadi mahali alipoajiriwa pale ajira inapokoma mbali na hapo. Kuhusu safari ya kila siku, iko kimya.

Ambako sheria haiko kimya ni kwenye kodi, na hapa ndipo ninapotaka tukae.

Kifungu cha 7 cha Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 332, kinaeleza ni kipi kinachohesabiwa kuwa kipato cha ajira na kipi hakihesabiwi. Kwenye orodha ya visivyohesabiwa kuna posho ya nyumba, posho ya usafiri, posho ya madaraka, malipo ya kazi za ziada, posho ya mazingira magumu na honoraria. Ukisoma hapo ukasimama utafurahi. Endelea kusoma: zinazosamehewa ni zile anazolipwa mtumishi wa serikali, au wa taasisi ambayo bajeti yake inatoka yote, au sehemu yake kubwa, kwenye ruzuku ya serikali. Huo ndio mpaka. Mhasibu wa halmashauri akipewa posho ya usafiri ya shilingi 100,000, anaondoka na 100,000. Mhasibu wa kampuni ya vinywaji akipewa 100,000 hiyohiyo, apande gari lilelile la kwenda Ubungo kwa nauli ileile, inahesabiwa kuwa mshahara. Kwa daraja la asilimia 25 inabaki 75,000. Akiwa amevuka shilingi milioni moja kwa mwezi, inabaki 70,000. Mwajiri wake naye haachwi. Kama ana wafanyakazi kumi au zaidi, posho hiyo inaongeza Tozo ya Kuendeleza Ufundi Stadi, ambayo kuanzia Julai 2023 ilikuwa asilimia 3.5. Wizara hailipi tozo hiyo.

Nimewahi kuwasikia watetezi wa mpango huu wakisema kwamba serikali kumkata kodi mtumishi wake ni kuhamisha pesa kutoka mfuko wa kulia kwenda wa kushoto. Hoja ina ukweli, lakini ikifuatwa hadi mwisho, mishahara yote ya watumishi wa umma nayo isingekatwa kodi. Inakatwa. Basi mfuko wa kulia na wa kushoto unakumbukwa kwenye posho tu. Mwingine atasema ni fidia ya mishahara midogo serikalini. Kwa mtaalamu wa juu, sawa, tumeona serikali inambana. Kwa ngazi za chini na za kati hoja hiyo haisimami, tena posho zenyewe haziwafikii sana hao wa chini. Mwalimu wa kawaida wa shule ya msingi huko Chanika hana posho ya usafiri ya kusamehewa kodi. Msamaha wa kodi humfaa aliye na kitu cha kusamehewa.

Tukiingia kwenye magari ndipo mambo yanapokuwa ya kuchekesha, kama una moyo wa kucheka. Sheria ina jedwali la kukadiria faida anayoipata mfanyakazi kwa kutumia gari la mwajiri. Gari lenye injini ya zaidi ya cc 3000 na umri usiozidi miaka mitano linahesabiwa kuwa na faida ya shilingi 1,500,000 kwa mwaka, sawa na 125,000 kwa mwezi. Kwa anayekatwa asilimia 30, kodi yake ni shilingi 37,500 kwa mwezi. Hiyo ndiyo kodi ya meneja anayeendeshwa kwenye shangingi la V8. Mhasibu wa kampuni hiyohiyo, ambaye kipato chake kimevuka milioni moja na anapewa posho ya usafiri ya 150,000 ahangaike nayo mwenyewe, anakatwa 45,000. Anayening'inia mlangoni analipa kodi kubwa kuliko anayesinzia kiti cha nyuma.

Kuna na nyongeza. Jedwali hilo halitumiki kama mwajiri hadai nafuu ya kodi kwa gharama za gari husika. Kampuni inaweza kuchagua kutodai, na bosi akawa hakatwi chochote. Serikali haihitaji kuchagua, kwa sababu haina kodi ya mapato inayoombea nafuu. Kwa hiyo gari la serikali lenye namba za STK linalomchukua mkurugenzi nyumbani asubuhi na kumrudisha jioni, dereva analipwa, mafuta yanalipwa, haligusi hati yake ya mshahara hata kwa senti. Kanuni za Utumishi wa Umma zinawapa viongozi wa ngazi fulani haki ya gari, na sina ugomvi na mkurugenzi mwenye vikao vitatu kwa siku. Ugomvi wangu ni na hesabu inayosema safari ya huyo haina thamani ya kukatwa kodi, na safari ya mhasibu wa vinywaji inayo.

Imewahi kujaribiwa njia nyingine ya kumsaidia mtumishi wa umma wa chini, na inafaa ikumbukwe kwa sababu ya nani aliyebebeshwa gharama. Mwaka 2016 Paul Makonda, aliyeuanza mwaka huo akiwa Mkuu wa Wilaya ya Kinondoni na kuumaliza akiwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, alitangaza mpango wa walimu wa shule za umma kupanda daladala bila nauli kwa kuonyesha kitambulisho. Nia ilikuwa njema, na mwalimu anayefika darasani kwa wakati ni faida ya kila mzazi. Lakini hebu tazama mpango ulivyokaa. Mwajiri wa mwalimu ni serikali. Mtoa huduma ni mwenye daladala, mtu binafsi. Dereva na konda wana hesabu ya kupeleka kwa tajiri kila jioni, na hesabu haipungui kwa sababu gari lilibeba walimu wanane. Marupurupu ya sekta ya umma yalikuwa yanalipwa na vijana wawili wa sekta binafsi wasio na mkataba wala bima. Tulikwishaliona hili kwa wanafunzi: nauli ya nusu au chini ya nusu, fidia hakuna, matokeo yake konda anawaziba mlango na mtoto anasimama kituoni hadi magari yapungue. Mwalimu wa shule binafsi naye hakuwemo, ingawa anafundisha watoto wa nchi hiihii.

Serikali kuhamia Dodoma kumeliweka suala hili wazi kuliko Dar es Salaam. Mji wa Serikali ulijengwa Mtumba, yapata kilomita 17 kutoka katikati ya mji, kwenye barabara ya kwenda Morogoro. Waliopanga mji walijua kwamba maelfu ya watumishi watalala upande mmoja na kufanya kazi upande mwingine, kwa hiyo suala la mabasi ya watumishi likaja pamoja na ofisi. Lakini mji wa serikali haukaliwi na watumishi wa umma tu. Kuna anayefanya usafi kupitia kampuni iliyoshinda zabuni, mlinzi wa getini ambaye ni wa kampuni ya ulinzi, mama wa kantini. Wanaingia jengo moja na katibu mkuu, saa moja asubuhi, nao kisheria ni sekta binafsi. Huduma zilipoondolewa mikononi mwa watumishi wa kudumu na kupewa wazabuni, nauli nayo ilihamia mfukoni mwa anayefagia. Serikali imepunguza watu kwenye orodha yake ya mishahara, na anayefagia amepoteza haki ya kupanda basi linalopita mbele yake.

Majirani zetu wa Kenya wamefuata njia nyingine. Kule posho ya usafiri ya kila mwezi imo kwenye malipo ya watumishi wa umma, walimu wakiwemo, kwa viwango vya ngazi, chini ya usimamizi wa Tume ya Mishahara na Marupurupu iliyoundwa na Katiba ya 2010. Na kodi inakatwa, kama inavyokatwa kwa mtu wa sekta binafsi. Kwenye kodi wana usawa ambao sisi hatuna. Kasoro yao ni kwamba kadiri cheo kinavyopanda ndivyo posho inavyopanda, ilhali matatu ya kutoka Kitengela haimuulizi mtu cheo. Tena nauli zao hazina kiwango kilichotangazwa kama chetu: mvua ikinyesha Nairobi, nauli inapaa palepale, na posho imekaa.

Wamarekani, nimewataja juu kwa mishahara, wana jambo la kuiga kwenye nauli. Kifungu cha 132 cha sheria yao ya kodi kinasamehe nauli ya usafiri wa umma hadi kikomo cha mwezi, dola 325 kwa mwaka 2025, na kikomo ni hichohicho kwa karani wa wizara na karani wa duka. Tofauti iko kwenye nani anatoa. Tangu amri ya Rais Clinton ya Aprili 2000, idara za serikali kuu katika eneo la Washington huwalipia watumishi wao nauli. Kampuni binafsi nyingi hazilipi, zinamruhusu tu mfanyakazi kutenga sehemu ya mshahara wake mwenyewe isikatwe kodi. New York na Washington zimewalazimisha waajiri wenye wafanyakazi 20 au zaidi kufanya angalau hilo, tangu Januari 2016.

Hata hivyo msamaha wa kodi, wa Marekani au wa kwetu, haumgusi msichana wa Kariakoo. Mshahara wake ule wa 150,000, hata ukiongezewa nauli yote ya 62,400, haufiki 270,000 ambapo kodi yetu ya mishahara inaanzia. Hana kodi ya kusamehewa. Tukiishia kudai usawa wa kifungu cha 7 tutakuwa tumewapigania wahasibu, nami sioni aibu kuwapigania, lakini wa chini tutakuwa tumemwacha kituoni.

Waliomfikiria mtu huyo ni Wabrazili. Desemba 1985 walipitisha sheria ya hati ya nauli, mwanzoni ikiwa ya hiari, na mwaka 1987 wakaifanya lazima. Kanuni yake inaelezeka kwa sentensi moja: mfanyakazi anachangia nauli ya kwenda na kurudi kazini hadi asilimia 6 ya mshahara wake wa msingi, na kinachozidi hapo analipa mwajiri. Fedha hiyo haihesabiwi kuwa mshahara, haikatwi kodi wala mchango wa pensheni. Wafanyakazi wa majumbani wamo. Watumishi wa serikali kuu nao wanapata msaada wa nauli unaotumia asilimia 6 hiyohiyo. Ukiipiga hesabu ya Brazil kwa msichana wetu, angechangia shilingi 9,000 na tajiri wake angemalizia 53,400.

Najua mwenye duka akisoma hapo anafunga kitabu. Na Brazil kwenyewe haikuwa mteremko. Hati za karatasi ziligeuka kuwa pesa ya mtaani, watu wakinunulia soda na sigara, hadi kadi za kielektroniki zilipokuja. Waajiri wengine walijifunza kumuuliza mwombaji kazi anakaa wapi kabla ya kumuuliza anajua nini, maana anayekaa mbali ni gharama, na wanaokaa mbali ndio maskini. Walioko nje ya ajira rasmi hawakupata kitu, na kwetu hao ndio wengi. Hayo yote ni kweli. Lakini baada ya miaka karibu arobaini sheria ile bado ipo, na maduka ya São Paulo bado yanafunguliwa asubuhi.

Kuna onyo moja kwa watumishi wa umma wanaofurahia posho zao. Posho haiingii kwenye mshahara unaochangiwa PSSSF. Katika miaka ambayo nyongeza za jumla zilisimama, kabla ya ile ya 2022, wengi waliishi kwa posho na kuzoea kuziona kama kipato. Siku ya kustaafu kikokotoo cha pensheni hakizijui. Anayelipwa 900,000 na posho za 400,000 atastaafu kama mtu wa 900,000, na mwajiri anayempa posho badala ya kumwongezea mshahara ameokoa ule mchango wa asilimia 15. Chama cha wafanyakazi kinachosherehekea posho mpya bila kuuliza hili kimewauza wanachama wake wa kesho.

Basi tufanye nini? Kwenye kodi, sioni sababu ya kuwanyang'anya watumishi wa umma msamaha wa nauli. Upanuliwe kwa kila mwajiriwa, uwekewe kikomo, na kikomo tayari tunacho: jedwali la nauli la LATRA. Nchi nyingi hazina bahati ya kuwa na nauli iliyotangazwa kwa kilomita. Sisi tunayo, na Mamlaka ya Mapato (TRA) inaweza kusema kwamba nauli ya kwenda na kurudi, kwa viwango vilivyotangazwa, kwa siku za kazi za mwezi, haikatwi kodi, na kinachozidi ni mshahara kama mshahara mwingine. Kikomo hicho kitamzuia pia bosi anayetaka kuandika nusu ya malipo yake kuwa posho ya usafiri. Hazina itapoteza mapato, ndiyo. Sehemu ya hasara hiyo ifidiwe kwa kulipitia upya lile jedwali la magari, ambalo limelifanya V8 kuwa chombo cha usafiri chenye kodi nafuu kuliko daladala.

Kwa wa chini, mahali pa kupigania ni Bodi ya Mishahara ya sekta binafsi. Amri zake za karibuni zimekuja 2013, 2022 na 2025, na nyingine itakuja. Humo ndimo nauli iandikwe kama kipengele kinachojitegemea, kwa kanuni ya sehemu ya mshahara kama walivyofanya Wabrazili, hata kama tutaanza na asilimia 15 badala ya 6, na kwa zamu za usiku mwajiri awajibike kumfikisha mtu kwake. Wazabuni wa usafi na ulinzi katika majengo ya serikali waanze wao, kwa kuwa anayelipa zabuni hizo ni serikali yenyewe na inaweza kuweka sharti hilo kwenye mkataba unaofuata bila kungoja Bunge. Wafanyakazi wana wawakilishi wao kwenye bodi hiyo. Kama wewe ni mwanachama wa chama chochote, muulize kiongozi wako wa tawi ni lini mara ya mwisho walipeleka hesabu ya nauli mezani. Akikosa jibu, mpelekee yako ikiwa imeandikwa: magari mangapi, siku ngapi, shilingi ngapi.